Abitraji ya matangazo ni kununua wageni, si kuweka matangazo kwenye blogu

Neno abitraji sasa linabandikwa kwenye kila kitu. Mtu akifungua blogu ya mapishi na kuweka AdSense, huduma ya Google inayomlipa mwenye tovuti kwa kuonyesha matangazo, anaambiwa anafanya abitraji. Watu wakikusanyika kwenye kundi la WhatsApp kubofyeana matangazo, nako jina ni hilohilo. Kuna hata kozi zinazouzwa ambazo somo zima la abitraji ni orodha ya maneno ya utafutaji "yanayolipa sana". Hakuna kati ya hayo lililo abitraji, na kwa kuwa watu wanatoa hela zao kwa ajili ya jina hili, ni vizuri likaeleweka.

Abitraji ni kununua kitu kwenye soko moja na kukiuza papo hapo kwenye soko jingine, faida yako ikiwa ni tofauti ya bei. Kwenye matangazo ya kulipia kwa mbofyo, kitu kinachonunuliwa ni mgeni wa tovuti. Unaweka tangazo lako Facebook, Google, au kwenye Taboola na Outbrain, kampuni zinazosambaza matangazo kwenye tovuti za habari. Mtu analibofya, nawe unakatwa. Anatua kwenye ukurasa wako wenye matangazo ya watu wengine, na hayo yanakulipa wewe. Ukimnunua kwa senti tano za dola akakuachia senti nane, umebaki na senti tatu.

Kinachorukwa na wengi ni kile kitendo cha kununua. Anayeandika makala, akasubiri wasomaji waje wenyewe kutoka kwenye utafutaji, ni mchapishaji. Siku wasomaji wasipokuja, amepoteza jasho lake. Mwenye abitraji siku hiyo amepoteza fedha taslimu, tena kabla hajaona mapato yoyote: kadi yake inakatwa matangazo yanapoendelea, wakati AdSense hulipa mapato ya Januari kati ya tarehe 21 na 26 Februari, na hapo ni kama salio limefika dola 100. Mtu asiyekuwa na mtaji wa kubeba pengo hilo la wiki kadhaa hawezi kuifanya kazi hii, hata tovuti yake iwe nzuri kiasi gani.

Sasa tuje kwenye utafiti wa nichi, yaani ile mada finyu unayoijengea tovuti, maana hapa ndipo upotoshaji ulipo mkubwa. Ushauri unaozunguka ni kwamba utafute mada yenye mbofyo wa bei kubwa: bima, mikopo, mawakili. Mfano unaopendwa tangu zamani ni mesothelioma, saratani inayosababishwa na vumbi la asbestosi. Mawakili wa Marekani hushindana kwa bei kubwa sana kupata wagonjwa wake kwa sababu fidia za kesi hizo ni kubwa. Mtu anafungua Keyword Planner ya Google, zana inayokadiria bei ya mbofyo kwa kila neno la utafutaji, anaona bei hiyo, anajenga tovuti ya asbestosi, kisha anashangaa anapata senti.

Bei uliyoiona ni ya mnada wa kwenye utafutaji, ambako wenye matangazo hushindania nafasi ya kuonekana mtu anapotafuta neno fulani, na ndiyo anayolipa mwenye tangazo. Wakili anakubali kuilipa kwa sababu aliyeandika "wakili wa mesothelioma" kwenye Google anatafuta wakili dakika hiyo. Msomaji uliyemvuta kutoka Facebook kwa kichwa cha habari cha kusisimua hatafuti wakili. Halafu tangazo analoonyeshwa halichaguliwi kwa maneno ya makala yako peke yake. Linategemea pia yeye ni nani na yuko wapi. Ofisi ya mawakili ya Texas imeshaamuru matangazo yake yaonekane Marekani tu, kwa hiyo msomaji wa Mwanza akifungua ukurasa wako wa asbestosi ataonyeshwa vifurushi vya intaneti. Na ukiamua kuwanunua haohao Wamarekani wanaotafuta wakili, utakuwa unashindana na mawakili wenyewe kwenye mnada uleule, wewe ukiwa na senti na wao wana dola.

Kwa hiyo mada yenye bei kubwa si lazima iwe na faida. Mwenye abitraji anatafuta pengo kati ya bei mbili, na pengo linaweza kupatikana kwenye mada ambayo haina wakili wala benki. Chukua mfano wa hesabu. Umenunua wageni 1,000 kwa senti tatu kila mmoja, umetumia dola 30. Ukurasa wako unaingiza dola 8 kila unapofunguliwa mara 1,000. Mgeni akifungua kurasa mbili na kuondoka, umepata dola 16, umekula hasara ya 14. Akifungua kurasa sita, umepata dola 48, faida 18. Mada ni ileile na wageni ni walewale. Ndiyo maana tovuti nyingi za abitraji zilijaa zile picha za "waigizaji walivyokuwa na walivyo sasa", kila picha na ukurasa wake, na kitufe cha kuendelea chini. Picha hizo hazikuwa na neno lolote la bei ghali. Zilimfanya mgeni abofye tena na tena.

Mlango wa biashara hii ulifunguliwa hatua kwa hatua. Kampuni ya GoTo.com ya Marekani ilianza kuuza mibofyo kwa mnada mwaka 1998. Google ikaleta mnada wake wa mibofyo kwenye AdWords, huduma yake ya kuuzia matangazo, mwaka 2002, na mwaka 2003 ikatoa AdSense. Kuanzia hapo mtu wa kawaida aliweza kununua mgeni kwa kampuni moja na kumuuza kwa kampuni hiyohiyo. Mwaka 2007 Google ilifunga akaunti nyingi za AdSense zilizoishi kwa mtindo huo, na leo kanuni zake za matangazo zinakataza kumpeleka mtu kwenye ukurasa uliotengenezwa hasa kwa ajili ya kuonyesha matangazo. Wenye matangazo nao wameamka. Mwaka 2023 chama chao cha Marekani, ANA, kilichunguza manunuzi ya matangazo kwenye tovuti na kukuta asilimia 15 ya fedha inaishia kwenye tovuti za aina hiyo. Wengi wameanza kuzizuia, na pengo linazidi kubana.

Kubofyeana kwenye makundi si abitraji hata kidogo, kwa sababu hakuna mgeni aliyenunuliwa wala soko la pili. Ni kumwibia aliyelipia tangazo. Google huita mibofyo hiyo batili, hukata fedha zake na hufunga akaunti.

Jambo jingine ni wale wanaosema, "AdSense yangu inanilipa nusu dola kwa mbofyo." Mwishoni mwa 2023 Google ilitangaza kwamba AdSense inaacha kumlipa mchapishaji kwa mibofyo na itamlipa kwa idadi ya mara ambazo tangazo limeonyeshwa, na badiliko hilo likaanza kutumika mapema 2024. Wewe bado unaweza kununua kwa mbofyo, lakini kwa AdSense hulipwi tena kwa mbofyo. Ukitaka kulinganisha na mwenzako, muulize wageni 1,000 wanamwachia dola ngapi, na aliwapata kwa ngapi.