Mtoto Anayejigonga Kichwa: Lini Uvumilie, Lini Uwahi Kituoni

Wazazi wanaowaleta watoto kliniki kwa sababu ya kujigonga kichwa wameongezeka, na wengi wanafika wameshaambiwa jambo: jirani kasema ni degedege, bibi kasema ni zongo, video ya kwenye kundi la WhatsApp imesema ni usonji (autism). Baadhi wanafika mtoto akiwa na chale mbichi kichwani au fizi zimechokonolewa. Hao ndio hasa wanaotulazimu kutoa maelezo haya.

Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 3 anayejigonga kwenye godoro, ukuta au ubao wa kitanda wakati wa kutafuta usingizi, akalala, kisha akaamka mchangamfu, kwa kawaida hana ugonjwa wowote. Makadirio ya wataalamu yanafika hadi mtoto mmoja kati ya watano, na wavulana ni wengi kuliko wasichana. Tabia hii huanza mara nyingi kwenye miezi 6 hadi 9, hushamiri kati ya mwezi wa 18 na wa 24, na wengi huwa wameiacha kabla ya kutimiza miaka 4. Mtoto anajituliza kwa mdundo, kama anavyotulia akibebwa mgongoni na mtu anayetembea. Anaweza kugonga dakika chache au hadi robo saa, na akiumia hupunguza nguvu mwenyewe.

Wapo wanaogonga kwa hasira. Amenyang'anywa simu, hana maneno ya kudai, anakibamiza kichwa sakafuni. Mwondoe kwenye saruji, kaa karibu, subiri ipite, ndipo umpakate. Nyumba nzima ikikimbia na kumpa alichokitaka, kesho atagonga tena. Kumchapa ili aache kujiumiza hakumfundishi chochote, na naomba hili lisirudiwe kujadiliwa.

Kuhusu utosi, ambao unaulizwa sana: ule wa mbele hufunga kwa watoto wengi kati ya mwezi wa 12 na wa 18, na wapo wenye afya njema wanaofika karibu miaka 2. Kuwa wazi si chanzo cha kujigonga, na kuupaka dawa au kuuchanja hakuufungi. Utosi unatushtua ukiwa umevimba mtoto akiwa ametulia na amekaa wima, au ukiwa umebonyea huku anaharisha au kutapika.

Sogeza kitanda mbali na ukuta na kaza skrubu zake. Usimzungushie mito mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Mto unaweza kumziba pumzi, na hatari hiyo ni kubwa kuliko ya ukuta. Usimpe dawa ya mafua ili asinzie.

Wakati mwingine mtoto anagonga kwa sababu anaumwa. Sikio lenye usaha huuma zaidi akilazwa, kwa hiyo kujigonga kulikoanza juzi, pamoja na homa, kuvuta sikio au kukataa kunyonya, ni sababu ya kumpeleka kituoni siku hiyo hiyo. Meno yanayoota pia humsumbua. Hapa ndipo wanapoingia wanaotoa kile kinachoitwa meno ya plastiki, na lazima niseme wazi: meno ya plastiki hayapo. Kile kijipande cheupe unachoonyeshwa baada ya fizi kukatwa ni chipukizi la jino halisi la mtoto wako. Anachobaki nacho ni jeraha, damu inayopotea, hatari ya pepopunda na maambukizi ya damu, na mara nyingine jino la ukubwani linaloota likiwa limeharibika. Tumeeleza hili kwa miaka mingi. Inaumiza kuona mtoto aliyekuja na sikio bovu tu akilazwa kwa sababu ya fizi.

Ieleweke pia kwamba jambo hili lina upande wa sheria. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumfanyia ukatili, zikiwemo mila zinazodhuru mwili au akili yake. Adhabu imewekwa kwenye kifungu cha 14: faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Mzazi aliyempeleka mtoto kwa hiari yake asidhani kwamba sheria inamtazama aliyeshika wembe peke yake. Mwenye taarifa ya mtoto anayefanyiwa hivyo ana wajibu wa kuifikisha kwa serikali ya mtaa au kijiji, kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa namba 116 ambayo haina malipo.

Sasa nije kwenye mwendo ninaouogopa, ambao hauna kishindo chochote. Mtoto, mara nyingi wa miezi 3 hadi 8 na ametoka tu kuamka, anainamisha kichwa ghafla, mikono inatanuka au inakunjwa, sekunde moja au mbili, anaachia, kisha inarudi tena na tena kwa mfululizo. Nyumbani husemwa anashtuka, au tumbo linamsokota, na wiki zinapita. Hiki ni kifafa cha uchangani. Daktari Mwingereza William James West alikieleza mwaka 1841 baada ya kukiona kwa mwanawe mwenyewe, na hata leo mzazi ndiye anayekiona kwanza. Dawa zipo, ila kuchelewa kunagharimu ukuaji wa ubongo. Usingoje tarehe ya kliniki.

Mbebe. Anayejigonga kwa kujibembeleza kwa kawaida huacha ukimnyanyua na kumwita; mwenye kifafa huendelea mikononi mwako. Akiwa na homa na amekakamaa au anatetemeka, hiyo ni degedege: mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe cha kunywa, mwahishe kituoni apimwe malaria na magonjwa mengine ya hatari. Mwahishe vilevile aliyegonga kwa nguvu kisha akatapika mara kwa mara, akalegea, akawa mgumu kuamka, au akatokwa damu au maji puani au masikioni.

Kundi la mwisho halina dharura ya usiku, lakini lisiachwe. Ni mtoto anayegonga mchana kutwa hata akiwa hana hasira wala usingizi, anayejiumiza, au ambaye bado anaendelea baada ya miaka 4. Hasa ni yule ambaye mambo mengine hayaendi: miezi 9 hajakaa bila kushikwa, mwaka mmoja haitiki akiitwa jina, miezi 18 hatembei wala hana neno, hakutazami usoni. Aliyekuwa anasema au anacheza akaacha anahitaji kuonwa mapema, kwa umri wowote. Kujigonga peke yake si usonji.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Nenda na kadi ya kliniki ya mtoto, kwa sababu mstari wa uzito na rekodi ya chanjo humweleza mtoa huduma mengi kabla hujasema. Mrekodi mtoto kwa simu tukio likitokea, uso na mikono vionekane, na andika saa. Kwa Sera ya Afya ya mwaka 2007, watoto walio chini ya miaka 5 wako kwenye kundi la msamaha wa gharama katika vituo vya umma; uliza dirisha la msamaha kabla hujalipa. Ikihitajika rufaa, utapewa barua ya kwenda hospitali ya wilaya, na kutoka hapo ya mkoa au kanda penye daktari wa watoto na kipimo cha umeme wa ubongo. Hakikisha barua ina muhuri, tarehe na sababu ya rufaa, na baki na nakala. Ukiambiwa "atakua tu" wakati mtoto amepoteza alichokuwa anakijua, omba maneno hayo yaandikwe kwenye kadi pamoja na jina la aliyeyasema, kisha omba kuonana na mganga mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, siku hiyo hiyo.