Maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni: maswali na majibu

Daktari, nashusha magunia ya dagaa mwaloni Kibirizi, Kigoma. Maumivu yanaanzia kiunoni, yanapita takoni, yanashuka hadi unyayoni, mguu wa kushoto tu. Nitibiwe mgongo au mguu?

Mgongo, ndugu yangu. Neva ya siatika, yaani mshipa wa fahamu wa mguu, ndiyo nene kuliko zote mwilini. Mizizi yake inatoka kwenye pingili za chini za uti wa mgongo, kisha inapita takoni na nyuma ya paja, na matawi yake yanafika vidoleni. Ikibanwa juu, uchungu unausikia chini. Ukikohoa au kupiga chafya na mguu ukashtuka kama umepigwa shoti, kuna uwezekano mkubwa diski imetokeza.

Inatokezaje?

Diski iko kati ya pingili na pingili. Nje ngumu, ndani laini. Unapoinama na gunia huku umejipinda kiuno, ule ugumu wa nje unaweza kuchanika, na ulaini wa ndani ukausukuma mzizi wa neva. Kwa wazee, mara nyingi ni nafasi ya neva iliyofinyika. Ipo pia sindano ya takoni iliyochomwa mahali pasipo pake: mguu unaanza kulegea muda mfupi baada ya sindano.

Nasikia kiropraktiki inarudisha diski mahali pake.

Hairudishi. Tiba hiyo aliianzisha D. D. Palmer mwaka 1895 huko Davenport, Marekani. Mtaalamu anakupima, kisha anasukuma pingili kwa mkono, msukumo mfupi wa ghafla. Ule mlio wa "ko" unatokana na gesi ndani ya kiungo. Si mfupa uliorudi. Wapo wanaopata nafuu, hasa wa maumivu ya kiuno chenyewe. Kwa yale ya mguuni ushahidi ni mdogo zaidi. Mimi nisingeitegemea peke yake bila mazoezi. Kwa Kigoma, anzia Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa, uulizie fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo.

Na mama anayenikanda kwa mawese?

Akukande misuli taratibu, hakuna neno. Kukanyagwa mgongo au kuvutwa kiuno, kataa. Kama unapungua uzito, una homa za jioni na jasho la usiku, inaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, na pingili iliyoliwa na TB haisukumwi na mtu yeyote, awe na cheti au hana. Hata mzee aliyeanguka apigwe picha kwanza.

Nilale kitandani mpaka lini?

Usilale sana. Siku mbili tatu za kwanza punguza kazi, lakini tembea nyumbani, kidogo kidogo. Wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache hadi miezi mitatu. Ukirudi mwaloni, gunia likae karibu na kifua, na ukigeuka, geuza miguu kwanza. Diklofenaki, vile vidonge vya maumivu vya dukani, usizimeze kila siku, hasa kama una vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo.

Lini nikimbie hospitali?

Mkojo ukigoma au ukikutoka bila kujua, ukiwa na ganzi sehemu za siri na makalioni, au miguu yote miwili ikilegea. Hapo neva za mwisho wa uti wa mgongo zinabanwa, na huenda ukahitaji upasuaji wa haraka. Ikitokea usiku, tafuta usafiri usiku huohuo.