Mlingoti wa televisheni haurushi picha

Mlingoti wa televisheni ni chuma kirefu kinachobeba antena. Basi. Mtambo wa kurushia matangazo uko chini jengoni, kebo inapandisha nguvu yake juu, na antena ndiyo inayotoa mawimbi. Kazi ya mlingoti ni kimo tu.

Lakini kila inapotajwa Alexandra Palace, jengo la London ambako BBC walianzishia televisheni, utaambiwa "mlingoti ule ndio uliorusha televisheni ya kwanza duniani". La kwanza duniani tuliweke kando haraka: Berlin walikuwa na matangazo ya kawaida tangu Machi 1935, ingawa picha zao zilikuwa hafifu. Linalonikera ni hilo la mlingoti kurusha.

BBC walilitaka jengo lile kwa kuwa liko kilimani. Mawimbi waliyotumia, megahezi 45 kwa picha na 41.5 kwa sauti, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, hivyo kilima au mkunjo wa dunia huyakatiza. Ndiyo maana juu ya mnara wa matofali, kwenye kona ya jengo, wakasimamisha mlingoti wa chuma. Ukiutazama pichani utaona antena zimeuzunguka katika tabaka mbili: ya juu kwa picha, ya chini kwa sauti. Antena hizo alizibuni Charles Samuel Franklin, mhandisi wa kampuni ya Marconi, na jina lake halistahili kumezwa na chuma kilichozibeba.

Matangazo yalipoanza Novemba 2, 1936, mifumo miwili ilipokezana: wa mvumbuzi John Logie Baird, uliochora kila picha kwa mistari 240, na wa kampuni ya Marconi-EMI wenye mistari 405. Kila mmoja ulikuwa na studio yake na mtambo wake wa picha, lakini mlingoti ulikuwa mmoja. Baird alipoondolewa mapema 1937, kilichoshindwa kilikuwa mfumo, na mlingoti ukabaki pale pale. Vita vilizima televisheni Septemba 1, 1939. Mwaka 1941 mtambo wa Alexandra Palace ukatumika kuvuruga mawimbi yaliyoongoza ndege za Wajerumani za kudondosha mabomu, wakati hakuna picha hata moja iliyokuwa ikipanda. Televisheni ilirudi Juni 7, 1946.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, sema matangazo yalirushwa kutoka Alexandra Palace, kwa antena zilizokuwa mlingotini. Sentensi inarefuka kidogo, lakini inakuwa ya kweli.