Mitokondria na Mtama Usio na Chavua

Katika semina moja hapa Mwanza wiki iliyopita, kijana aliyefanya kazi nzuri ya maabara alihitimisha kwa kauli ambayo sasa nimeichoka: kwamba DNA ya kloroplasti (sehemu ya seli inayotengeneza chakula kwa mwanga) na mitokondria (inayoipa seli nishati), ambayo iko nje ya kiini cha seli, haina uzito katika mageuko ya mimea, kwa kuwa hubadilika polepole mno, na kwamba hutufaa kufuatilia ukoo wa mama tu.

Hilo la ukoo nalipita haraka. Misonobari hupokea kloroplasti kwa baba, na mgomba hupokea kloroplasti kwa mama na mitokondria kwa baba, ingawa migomba yetu ya machipukizi haina haja ya kumtafuta baba yeyote.

Upole huo ni wa kweli ukihesabu herufi za DNA moja moja, na hata hivyo herufi moja katika jeni psbA ya kloroplasti iliyapa magugu kadhaa ukinzani dhidi ya dawa ya magugu iitwayo atrazini, yakalipia kwa usanisinuru dhaifu. Kinachoniudhi zaidi ni kusahau kwamba mitokondria ya mmea, iliyo mvivu wa kubadili herufi, ni hodari wa kukata vipande vya DNA yake na kuviunganisha upya. Jeni T-urf13 ya mahindi, kwa mfano, imeshonwa kwa viraka vya jeni nyingine za mitokondria, nayo huua chavua. Mwaka 1970 ikawa pia mlango wa sumu ya kuvu iliyowapokonya wakulima wa Marekani takriban asilimia 15 ya mavuno.

Sisi wa mtama tunaishi kwa jambo hilohilo. Tangu mwaka 1954 inajulikana kwamba kiini cha mtama wa aina ya kafir kikiwekwa ndani ya saitoplazimu (ujiuji wa seli unaobeba mitokondria) ya mtama wa aina ya milo, suke hukosa chavua hai lakini hujaa punje likichavushwa na jirani, na ndivyo tunavyopata mbegu chotara. Vitabu huliita kasoro. Kasoro ya nani? Mitokondria ya mtama hurithishwa na mama, kwa hiyo chavua ikifa haipotezi kitu, na chakula kilichookolewa kikiongeza mbegu, inafaidika. Anayeumia ni kiini, kinachosafiri kwa chavua pia. Ndiyo maana uteuzi asilia hukipa jeni za kurejesha uzazi, ambazo nyingi hutengeneza protini za PPR (kundi la protini zinazoshika RNA) za kuinyamazisha RNA sumbufu, yaani nakala ya jeni inayoua chavua, mpaka mitokondria ishone kiraka kingine.

Nakiri kwamba nje ya ugumba huu wa chavua ushahidi huniponyoka mikononi. Niliwahi kubadilishana mama na baba katika shamba la majaribio, nikaona miche ya upande mmoja imestawi zaidi, nikaisifu mitokondria msimu mzima. Nilipopima punje zilizozaa miche ile, nilikuta mama mmoja alikuwa na punje kubwa kuliko mwenzake, na huenda hilo tu ndilo lililostawisha miche yake. Jaribio nimelianza upya, safari hii kwa kurudisha kiini kilekile kizazi baada ya kizazi, yaani kuchavusha kila mara kwa baba yuleyule ili mitokondria pekee ndiyo itofautiane, na bado niko kizazi cha tatu.