Bessie Stringfield hakuzaliwa Jamaika

Kisa kinachosimuliwa sana kuhusu Bessie Stringfield, Mmarekani mweusi aliyezunguka nchi yake peke yake kwa pikipiki miaka ya 1930, ni kitamu: alizaliwa Kingston, Jamaika, akabaki yatima Boston, akalelewa na mama wa Kiayalandi aliyemnunulia pikipiki alipofikisha miaka 16.

Lakini sivyo. Mwaka 2018 gazeti la New York Times, likitegemea nyaraka na maelezo ya mpwa wake, lilieleza kwamba alizaliwa Edenton, North Carolina, kwa wazazi weusi, wala hakuwahi kuasiliwa. Na aliyeeneza habari za Jamaika? Bessie mwenyewe! Nani hajawahi kujitungia utoto mzuri zaidi?

Ya barabarani hayakuhitaji chumvi. Enzi hizo za ubaguzi, akinyimwa chumba alilala juu ya pikipiki kwenye vituo vya mafuta, koti lake juu ya usukani likiwa mto. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alibeba nyaraka za jeshi akiwa raia. Baadaye, Miami, akaanzisha klabu yake, Iron Horse Motorcycle Club. Pikipiki za Harley-Davidson alimiliki 27, na aliendelea kuendesha hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1993.