Je, wajua kwa nini mimea midogo ya milimani hustawi ukutani kuliko kwenye tuta?

Mimea midogo ya milima ya Ulaya, ile ya Alps na Pyrenees, huvumilia baridi kali. Kinachoiua ni maji yanayotuama shingoni, pale majani yanapokutana na mizizi. Kwao, theluji huifunika majira yote ya baridi, na chini yake mmea hulala bila kuloweshwa. Uhamishie Uingereza, kwenye mvua za baridi zisizokatika, na shingo hiyo huoza.

Ndiyo maana watunza bustani wa huko huipanda kwenye kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, hasa zile zinazozuia udongo wa mteremko. Mvua huteremka juu ya majani bila kutuama, nayo mizizi hupenya kati ya mawe hadi kwenye udongo wa nyuma, ambao mawe huukinga na jua ukabaki na unyevu hata kiangazi.

Wengi hujenga kwanza, kisha huchomeka mche kwenye ufa. Mizizi hukunjamana, hewa hubaki ndani, mche hukauka. Mimi nashauri upande huku ukijenga. Panga safu ya mawe, mwaga udongo uliochanganywa na kokoto ndogo, laza mche ubavu na kuitandaza mizizi kuelekea nyuma, ongeza udongo, shindilia, ndipo uweke jiwe la juu. Kila jiwe liinamie nyuma kidogo, na ukuta wote uegemee mteremko, ili mvua iifikie mizizi.

Upande wa kusini, wenye jua huko Ulaya, panda sempavivamu, mmea mdogo wa milimani. Majani yake manene huhifadhi maji, na vitundu vidogo vya majani vinavyopitisha hewa hufunguka usiku, wakati maji hayapotei sana. Zama za mfalme Charlemagne, zaidi ya miaka 1,200 iliyopita, watunza bustani wa mashamba ya kifalme waliamriwa kuuotesha juu ya nyumba zao. Watu waliamini unazuia radi.

Kivuli cha kaskazini ni cha ramonda ya Pyrenees, ambayo yaweza kunyauka kabisa kwa ukame kisha ikafufuka ikinyweshwa. Ni ya ukoo mmoja na Saintpaulia, ua la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli ya Usambara, Tanzania, ambalo leo hupamba madirisha ya nyumba duniani kote.

Mmea ninaoustaajabia kuliko yote ni Cymbalaria muralis, unaojipanda wenyewe. Ua lake huelekea kwenye mwanga likisubiri nyuki. Likishachavushwa, kikonyo hugeuka, hurefuka na kuukimbia mwanga, kikitafuta giza la nyufa, na humo ndimo mbegu huangukia. Kwa njia hiyo hupanda ukuta mzima, kwa hiyo kama una ramonda changa karibu, ung'oe mapema kabla haujaifunika.