Wimbo ni wa nani, njia ni ya nani: miliki ubunifu na udhibiti wa mawasiliano Uganda

Ukimpigia mtu simu Kampala, mara nyingi husikii mlio wa kawaida ukiita. Unasikia kipande cha wimbo, kisha mwenyewe anapokea na wimbo unakatika katikati ya neno. Wimbo huo umelipiwa. Fedha zimetolewa kwenye muda wa maongezi wa yule unayempigia, na zitaendelea kutolewa mpaka aamue kuuondoa. Bidhaa yenyewe haina uzito, haikushushwa kwenye lori pale Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla, wala hakuna mpagazi aliyeibeba kichwani. Hiyo ni biashara ya kidijitali kwa umbo lake dogo kabisa. Na katika sekunde zile chache zimekutana sheria mbili ambazo huku kwetu huzungumzwa kana kwamba hazijuani: sheria ya miliki ubunifu na sheria ya mawasiliano.

Nianze na maneno, maana wengi wetu tumeyachanganya, nami niliyachanganya kwa muda mrefu. Miliki ubunifu ni jina la jumla la mali inayotoka kichwani mwa mtu: wimbo, jina la bidhaa, chombo kilichobuniwa, siri ya mapishi ya kiwandani. Watu husema "hakimiliki" wakimaanisha yote hayo, lakini hakimiliki ni tawi moja tu. Hilo hulinda kazi iliyotungwa, kama wimbo, hadithi, picha, filamu na programu ya kompyuta. Alama ya biashara hulinda jina au nembo inayomtambulisha muuzaji. Hataza hulinda uvumbuzi mpya kwa miaka 20. Uganda imeyapa matawi haya sheria mbalimbali: ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 2006, ya siri za biashara ya 2009, ya alama za biashara ya 2010, na ya mali ya viwanda ya 2014. Msajili ni mmoja kwa yale yanayosajiliwa, Ofisi ya Huduma za Usajili ya Uganda, ambayo kila mtu huiita URSB.

Tofauti za matawi haya zinagusa mfuko wa mtu. Mfikirie msichana wa Mbale aliyeandika programu ya simu inayowapa wakulima wa kahawa bei za siku. Msimbo aliouandika unalindwa na hakimiliki tangu siku alipouandika, bila kwenda ofisi yoyote. Kusajili humsaidia kuthibitisha kuwa ni wake pakizuka ugomvi. Jina la programu ni habari nyingine. Pengine amesajili jina la biashara na kupewa cheti, akadhani yamekwisha. Hapana. Jina la biashara linaonyesha nani anafanya shughuli chini ya jina lile; halimpi nguvu ya kumzuia mwingine asilitumie kwenye bidhaa yake. Nguvu hiyo inatoka kwenye alama ya biashara, ambayo huombwa peke yake, hudumu miaka 7 ya kwanza na kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Nimewaona wafanyabiashara wakiinua cheti cha jina la biashara kama ngao, na ngao ile ilikuwa ya karatasi. Na wazo lenyewe, la kuwaletea wakulima bei kwa simu? Hilo halina mwenyewe. Sheria ya 2006 inasema wazi kwamba mawazo hayalindwi. Kinacholindwa ni namna yalivyoandikwa au kurekodiwa.

Hakimiliki nayo ni mafungu ya haki: ya kunakili, ya kusambaza, ya kutafsiri, ya kuifikisha kazi kwa umma. Kwa kawaida hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, na mwenyewe anaweza kuuza fungu moja akabaki na mengine. Wale VJ wanaotafsiri filamu za kigeni kwa Kiganda katika vibanda vya video wanatumia fungu la kutafsiri. Sauti na utani wanaouongeza ni ubunifu wao halisi, na binafsi naona ni sanaa ya Uganda inayostahili heshima. Lakini ruhusa ya kutafsiri iko kwa mwenye filamu. Pembeni ya hakimiliki kuna hakishiriki, yaani haki za mwimbaji aliyeimba, mtayarishaji aliyegharimia kurekodi, na kituo kilichotangaza. Wimbo mmoja unaweza kuwa na mtunzi, mwimbaji na mtayarishaji, watu watatu, kila mmoja na haki yake.

Sasa upande wa pili. Udhibiti wa mawasiliano ni kazi ya serikali kuamua nani aruhusiwe kubeba sauti, picha na data, kwa masharti gani, na mlaji akidhulumiwa alalamike wapi. Uganda kazi hiyo iko kwa Tume ya Mawasiliano, UCC, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1997, na ambayo sheria ya 2013 iliipa pia mamlaka ya utangazaji iliyokuwa kwa baraza jingine. Tume hutoa leseni, hugawa masafa ya redio, huangalia ubora wa huduma. MTN iliingia nchini mwaka 1998 baada ya soko kufunguliwa. Airtel ya leo ilianza kama Celtel mwaka 1995. Masharti ya leseni zao mpya yalizitaka ziuze asilimia 20 ya hisa kwa umma, na ndiyo maana MTN iliingia Soko la Hisa la Uganda mwaka 2021, na Airtel mwaka 2023.

Leseni hiyo inaruhusu kujenga njia na kupitisha mizigo. Haisemi mzigo ni wa nani. Kampuni ya simu yenye leseni safi kabisa bado haina haki ya kuuza wimbo wa mtu mpaka mwenye wimbo akubali. Kinyume chake ni kweli vilevile: msanii mwenye cheti cha URSB hana namna ya kuupitisha wimbo wake kwenye simu za watu bila kampuni. Mmoja ana mali, mwingine ana barabara. Kati yao hukaa wakala wa maudhui, ambaye hukusanya nyimbo za wasanii wengi, huziingiza kwenye mtambo wa kampuni ya simu, na huchukua fungu lake kabla fedha hazijamfikia mtunzi.

Hapa ndipo moyo wangu unapouma. Wimbo ukiuzwa kwenye CD, msanii angeweza angalau kuhesabu nakala alizopeleka mjini. Wimbo ukiuzwa kwa simu, hesabu iko ndani ya mtambo wa kampuni. Ni watu wangapi waliuweka, kwa siku ngapi, walikatwa kiasi gani: msanii hayaoni haya, na wakala huona kile alichoonyeshwa. Sheria ya hakimiliki inampa haki ya kulipwa, lakini haki ya kulipwa bila hesabu ni sawa na shamba ambalo mavuno yake yanapimwa na mnunuzi, usiku, mlango umefungwa. URSB haina mkono ndani ya mtambo wa simu. UCC ndiyo yenye mkono huo, kwa sababu ndiyo inayotoa leseni na inaweza kudai taarifa kutoka kwa mwenye leseni. Kwa maoni yangu sharti la kumpa mwenye kazi takwimu za matumizi ya kazi yake lingepaswa kuandikwa ndani ya leseni, kama yalivyo masharti ya ubora wa sauti na ya kusajili laini.

Vyama vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya matumizi ya kazi, vipo: UPRS kwa muziki, UFMI kwa filamu, URRO kwa kazi zilizochapishwa. Wao hudai kwenye hoteli, baa, redio na mahali pengine kazi zinapotumiwa hadharani. Baa unaweza kuingia na ukasikia kinachopigwa. Mtambo wa simu huwezi kuingia.

Mlaji naye ana kesi yake. Malalamiko ya mtu kukatwa muda wa maongezi kwa wimbo ambao hakuuomba yanajulikana kila mtaa. Hilo ni suala la udhibiti, la kupeleka kwanza kwa kampuni yenyewe na kisha UCC. Lakini tazama linavyorudi kwenye miliki ubunifu: mteja aliyechukia kukatwa fedha huzima huduma yote, na msanii ambaye hakuhusika hupoteza soko.

Barabara nayo ina ushuru. Mwezi Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook, Twitter na mitandao mingine ya aina hiyo. Rais alikuwa ameandika miezi michache kabla kuhusu lugambo, yaani umbeya, wa mitandaoni. Ila muuza vitenge wa soko la Owino, Kampala, aliyekuwa akituma picha za mzigo mpya kwa wateja wa Mbarara hakuwa akipiga lugambo. Alikuwa akifungua duka, na kila asubuhi alilipa 200 kabla ya kufungua. Wengi walikimbilia VPN, programu za kuficha unatumia mtandao gani. Julai 2021 kodi hiyo ilifutwa na mahali pake ukawekwa ushuru wa asilimia 12 kwenye data, huku VAT ya asilimia 18 ikibaki palepale. Ushuru wa sasa hauonekani, umejificha ndani ya bei ya bando, na pengine ndiyo sababu haupigiwi kelele kama ule wa kwanza. Kwa anayeuza vitu vinavyokula data, kama video, ni gharama inayombana mteja wake kabla hajafikia bei ya bidhaa.

Kuna siku barabara hufungwa kabisa. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii na huduma ya pesa za simu zilizimwa. Januari 2021 intaneti yote ilizimwa jioni ya tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, ikarudi tarehe 18, na Facebook ikaendelea kufungiwa kwa miaka baada ya hapo. Sheria ya hakimiliki haina neno hata moja kuhusu siku tano ambazo mali yako ipo lakini haifikiki. Mahakamani bado ni mwenyewe kamili. Sokoni huna kitu.

Uganda haina bahari. Nyaya za chini ya bahari zinazotuletea intaneti hufika pwani, Mombasa hasa, kisha huja kwetu kwa nchi kavu. Mwezi Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika, kasi ilishuka Kampala kama ilivyoshuka Nairobi na Dar es Salaam. Hivyo hata UCC ingekuwa hodari kiasi gani, sehemu ya njia yetu iko mikononi mwa wadhibiti wa nchi nyingine. Kwa simu za sauti nchi jirani zilielewana mapema: mpango wa mtandao mmoja wa Kenya, Uganda, Rwanda na Sudan Kusini, ulioanza mwaka 2014, uliweka kikomo cha senti 10 za dola kwa dakika, na watu wa Busia na Malaba waliuhisi mara moja.

Mali ya ubunifu haikupata mpango wa namna hiyo. Alama ya biashara iliyosajiliwa Kampala inalinda jina ndani ya Uganda tu. Ukivuka Busia, ule mtaa mmoja wenye mpaka katikati, mtu wa upande wa Kenya anaweza kuwa mwenye jina lile lile kihalali. Jumuiya ya Afrika Mashariki haina usajili mmoja wa alama za biashara. Ipo njia ya ARIPO, shirika la miliki ubunifu la nchi za Afrika lenye makao yake Harare, ambapo ombi moja huweza kugusa nchi kadhaa wanachama, lakini Kenya ina usajili wake wa kuuendea peke yake.

Kimataifa Uganda ina nafasi ambayo wachache wanaijua. Ni mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1995, lakini kwa kuwa imo katika kundi la nchi zenye maendeleo madogo zaidi, imepewa hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba wa TRIPS wa miliki ubunifu, isipokuwa kanuni za kutobagua wageni. Sheria nilizotaja, kwa hiyo, tulizitunga mapema kuliko tulivyolazimika. Nafasi hiyo ni ya thamani. Inatuachia muda wa kurekebisha, ikiwemo kuziunganisha sheria hizi mbili kwenye ule mtambo wa simu.

Fomu na mikataba ya kazi hii yote huandikwa kwa Kiingereza, ingawa baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022. Basi ndugu yangu msanii, ukiletewa mkataba wa wimbo wa kusubiria simu, mwombe unayemwamini akusomee vifungu vitatu kabla ya sahihi. Cha kwanza, kama unawapa ruhusa ya kuutumia wimbo au unawauzia wimbo wenyewe. Cha pili, ni nchi zipi, maana neno moja la "dunia nzima" linaweza kulimeza soko lako la Nairobi na Juba. Cha tatu, nani atakuletea hesabu, baada ya siku ngapi, na kama unaruhusiwa kumpeleka mkaguzi wako kwenye vitabu vyao. Kifungu cha tatu kikikosekana, kiandike kwa mkono na wote wawili mtie sahihi pembeni yake.